Duara Tatu za Mwalimu Loice

Ile picha ya mwaka wa 2019 mnaikumbuka. Pete ya rangi ya moto, katikati giza. Kila mtu na simu yake aliipost. Mmoja akasema ni donati, mwingine akasema ni jiko la makaa limepigwa picha na kamera mbovu. Wachache sana walijua wanaangalia nini. Kilikuwa kivuli cha shimo jeusi, ile kitu ya angani nzito mpaka mwanga ukiingia hautoki. Na haikupigwa ili tuone urembo. Ilipigwa ili watu wapime. Kivuli kina ukubwa gani? Ni mviringo kabisa ama kimebonyea? Je, uvutano unafanya kazi vile Einstein alisema, ama kuna mwingine mwenye hesabu bora?

Kuna mwanamke pale Sosiot anauza mahindi na maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Siku ile picha ilitoka, jirani wa kibanda alimwonyesha kwa simu. Aliangalia, akarudisha simu, akasema, "Mimi nilifukuzwa kazi juu ya hiyo." Akaendelea kupepeta maharagwe.

Jirani alifikiri mama ameanza kuchanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Anaitwa Loice Obiero na hii ni stori yake, vile aliniambia mwenyewe na vile nilithibitisha kwa watu waliokuwa ndani ya ule mkutano. Kama unatafuta stori ya msamaha, funga hii ukurasa uende kwingine.

Loice alizaliwa kwa laini za kampuni ya chai, upande wa Mogogosiek. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi, zimepangwa kama mikate kwa tray, na ukipoteza kazi unapoteza nyumba. Baba yake, Obiero, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akapata kazi ya kulisha boila kuni kwa kiwanda. Loice alicheza na watoto wa Kipsigis, wenyeji wa huko, akagombana nao, akaimba nao kwa kwaya. Kipsigis chake kilikuwa cha kutukana na cha kuomba. Kijaluo ndicho kilikuwa cha kubahatisha. Akienda kwao ziwani kwa matanga, wajomba walikuwa wanamcheka: "Huyu mmemtoa wapi?"

Alipita fomu foo vizuri, lakini si vizuri ya kuitwa chuo kikuu. Fizikia ndiyo alipasua. Ikatokea shule moja ya harambee, ya kutwa, haikuwa na mwalimu wa fizikia, wakamchukua kama UT. UT ni mwalimu ambaye hajaenda chuo. Anafundisha kama wengine, anachapa watoto kama wengine, lakini kazi yake inakaa kwa mdomo wa hedimasta na kamati ya shule. Hedimasta, Mr. Makori, alikuwa amemwahidi: fundisha vizuri, tukusifu, uende chuo cha ualimu urudi na cheti. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake pekee. Bila sifa ya hiyo kamati, hakuna chuo. Na ukifukuzwa na kamati moja, hiyo ingine ya ng'ambo inasikia kabla hujafika kwa geti.

Sasa Weldon.

Weldon Kipkorir alikuwa mwalimu wa hesabu kwa hiyo shule. Alikuwa na cheti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Nyumbani kwao ni hapo tu ng'ambo ya mto, unaweza kuona mabati kutoka stafurumu. Yeye na Loice walikuwa wanakaa benchi moja, wanakunywa chai ya thamosi moja, wanabishana juu ya kila kitu. Hawakuwa wapenzi. Najua mnataka wawe. Hawakuwa. Walikuwa tu watu wawili ambao wakianza kuongea juu ya mwanga wanasahau kengele.

Ni Weldon alileta gazeti. Si Loice. Shika hapo. Lilikuwa gazeti la sayansi la kizungu, kava limeng'oka, Weldon alilipata kwa nyumba ya wamisheni ambapo baba yake alikuwa anaenda mikutano. Ndani kulikuwa na stori ya shimo jeusi. Ilisema hivi: tukiweza kuunganisha madishi ya redio ya nchi mbalimbali yakawa kama jicho moja kubwa kama dunia, tutaona kivuli cha shimo. Na hicho kivuli kitakuwa mtihani wa kila mtu aliyewahi kusema anajua uvutano.

Loice alisoma hiyo stori mpaka karatasi ikalainika kama shuka. Halafu akaenda darasani, kidato cha tatu, akawaambia hivi. Nimeambiwa na mmoja aliyekuwa hapo:

"Newton alisema vitu vinavutana. Sawa. Einstein akaja akasema kitu kizito kinapinda mahali penyewe, na mwanga unafuata hiyo pinda. Kuna wengine wamekuja nyuma yake, kila mtu na hesabu yake. Hapa kwetu duniani hizo hesabu zinatoa karibu jibu moja. Mnajua kwa nini?"

Akawaangalia dawati kwa dawati.

"Ng'ombe mkorofi akiwa amefungwa kwa nguzo, utajua aje ni mkorofi?"

"Unamfungulia," akasema Kipruto, kijana wa kiti cha nyuma.

"Haya. Dunia ni nguzo. Uvutano wake ni kidogo, umefungwa. Shimo jeusi ni pale umefunguliwa kamba. Hapo ndiyo unajua nani alisema ukweli."

"Madam, na mtu akianguka huko?"

"Hatarudi. Kama assignment yako, Kipruto."

Akachukua karai la kuogea, akatoboa shimo katikati, akaziba na kizibo cha gunzi la mahindi, akajaza maji. Baba yake alikuwa amemletea vumbi la chai kutoka kwa kufagia kiwanda. Akalimwaga juu ya maji, likaelea. Akavuta kizibo. Maji yakazunguka. Vumbi lililokuwa juu ya shimo likaingia, hiyo kila mtu alitarajia. Lakini hata lile lililokuwa linapita kando, halina shida na mtu, likapindishwa, likazunguka, likaingia. Lililokuwa mbali likapinda kidogo tu, likapita.

"Mmeona? Shimo ni dogo. Lakini mahali ambapo vitu haviponi ni pakubwa kuliko shimo. Hiyo ndiyo kivuli. Einstein anasema kitakuwa kikubwa kiasi fulani, na mviringo. Tukiona kikubwa zaidi, ama kimekaa kama yai, basi Einstein aende nyumbani."

Watoto walipenda. Weldon alikuwa amesimama kwa mlango, anacheka peke yake kama mtu ameona bao. Baada ya kipindi akamwambia, "Madam, hii kitu tuifanye kubwa. Siku ya wazazi inakuja. Tuichore kwa ukuta wa maabara, mzazi akiingia tu inamgonga."

"Wazazi hawataelewa."

"Nitawaelezea mimi. Kwa lugha yao. Wewe tulia."

Maabara ilikuwa stoo ya zamani iliyopakwa chokaa. Wakachukua rangi nyeusi ya ubao na rangi ya manjano iliyobaki ya geti. Loice akashika msumari kwa ukuta, katikati. Weldon akapanda juu ya benchi, akafunga kamba kwa brashi, akaizungusha. Hivyo ndivyo ilichorwa. Duara tatu, moja kando ya nyingine, kila moja nyeusi na pete ya manjano. Ya kwanza saizi ya Einstein. Ya pili kubwa zaidi. Ya tatu wakaibonyeza kidogo kwa mkono, ikakaa kama yai. Juu yake Weldon akaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu mwandiko wake ndio ulikuwa mzuri: KIVULI KITASEMA UKWELI.

Kama ulikuwa mtu mzima Kenya miaka hiyo, tayari umeshika kichwa.

Hii ilikuwa 1995. Kwa wale wadogo: miaka hiyo nchi nzima ilikuwa inatafuta waabudu shetani. Mwaka uliotangulia, serikali yenyewe ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza hiyo maneno. Kila Jumapili mhubiri alikuwa na alama mpya. Pete fulani, shetani. Nyoka kwa kitambaa, shetani. Mtu akitajirika haraka, shetani. Watoto walikuwa wanaambiwa wasipokee peremende kwa mtu asiyejulikana. Halafu katikati ya hayo yote, walimu wawili wakachora mashimo matatu ya giza yamezungukwa na moto, wakaandika kwamba kivuli kitaongea.

Walikuwa na akili nyingi, hao wawili. Ya kujua jirani anafikiria nini hawakuwa nayo.

Wiki ya siku ya wazazi, asubuhi, kwa maombi ya paredi, msichana wa kidato cha tatu anaitwa Phelis akaanza kupiga kelele. Alisema ile duara ya katikati inamfuata. Alisema ilikuja mpaka kwao, ikasimama kwa mlango wa jikoni. Mwenzake akashikwa. Mwingine akaanguka. Kufika saa ya chai, saa nne, nusu ya wasichana walikuwa wamekaa kwa nyasi wanalia, na akina mama walikuwa wanaingia kwa geti na aproni za kuchuna majani bado kiunoni.

Siku ya wazazi ikafutwa. Ukaitishwa mkutano.

Siku ya mkutano, mchana, Weldon alimkuta Loice nyuma ya stafurumu. Hii sehemu Loice ananiambia pole pole, kama mtu anahesabu chenji.

"Wewe usiseme kitu," Weldon alimwambia.

"Kwa nini nisiseme? Ni kazi yangu wanataka."

"Ndiyo maana. Ukiongea kwa Kiswahili watasema unajifanya. Ukiongea Kipsigis watasema unawacheka. Wewe ni mtu wa laini, Loice, samahani lakini unajua. Mimi ni mtoto wao. Nitasimama niseme ni sisi wawili, niseme ni hesabu, niwaonyeshe ile gazeti ilitoka kwa wamisheni. Ikisikika imetoka kwa wamisheni, maneno imekwisha."

"Utasema ni sisi wawili?"

"Si ni sisi wawili?"

Aliamini. Ungekuwa wewe ungeamini pia, usijifanye. Obiero, baba yake, alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, "Nyara, binti yangu, nyamaza tu, hii nyumba si yetu." Sasa hata rafiki yake anamwambia nyamaza. Akanyamaza.

Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu ya kila alasiri, kwa hivyo mkutano ulifanyiwa ndani ya darasa la kidato cha nne. Wazee kwa madawati ya mbele, magoti yamekunjwa. Akina mama nyuma na kando. Mabati yalikuwa yanapiga kelele mpaka mtu akiongea anarudia. Chairman wa kamati, mzee mwenye koti la kijivu na chai nyingi shambani, akafungua na maombi, halafu akaenda moja kwa moja.

"Hizo duara ni ngapi?"

"Tatu," watu wakasema.

"Na namba ya shetani, kwa Ufunuo, ni ngapi?"

"Sita tatu."

"Haya. Chukua sita tatu. Kata mikia. Inabaki nini?"

Watu wakaanza kukata mikia kwa kichwa. Halafu mama mmoja akasema, pole pole, "Duara tatu."

Ujinga ukipangwa vizuri unafanana na hesabu.

"Na hayo maandishi," akasema mzee mwingine. "Kivuli kitasema. Kivuli cha nani? Mimi niko na miaka hii yote, kivuli yangu haijawahi kuniambia hata salamu, hata chamgei."

Watu wakacheka. Loice anasema hata yeye alicheka kidogo, na hicho kicheko kilihesabiwa pia. "Ona, anacheka," mtu akasema nyuma.

Mr. Makori akasimama. Yeye naye alikuwa mtu wa kutoka Kisii, alijua mahali pake ni wapi. "Wazazi, tutulie. Mwalimu mwenyewe yuko hapa. Madam Loice, uko na kitu ya kusema?"

Loice akaangalia Weldon. Weldon akatingisha kichwa kidogo: tulia.

"Mwalimu Weldon ataeleza," Loice akasema.

Mvua ilikuwa imepungua. Weldon akasimama, na kila neno lake lilisikika mpaka kwa madawati ya nyuma kabisa. Aliongea Kipsigis. Hakushika gazeti. Loice anakumbuka mikono yake ilikuwa mitupu.

"Wazazi wangu, wazee wangu," alisema. "Nyinyi mnanijua. Mmenilea, mmenipeleka jandoni na watoto wenu. Mimi hapa nafundisha hesabu. Huyu dada alikuja kwangu na kitabu yake. Nilimwambia, dada, mambo mengine tumwachie Mungu. Hakusikia. Sikutaka kumsema mbele ya watu kwa sababu ni mwenzangu kazini. Lakini nimekuwa nikimwombea."

Akakaa.

Nilimuuliza Loice kama Weldon alifikiri yeye haelewi Kipsigis. Aliniangalia vile anaangalia mtu wa kuuliza bei asinunue. "Tulikuwa tunabishana Kipsigis kila siku kwa ile benchi," alisema. "Alijua naelewa. Alijua nasikia kila neno. Aliongea na mimi nikiwa hapo, kama mtu anafunga mlango akiangalia uso wako."

Hapo ndipo Loice aliposimama. Hakulia, hakupayuka. Aliuliza swali moja, Kipsigis safi, ile ya laini:

"Weldon, nani alishika kamba?"

Weldon hakuangalia juu. "Mungu anajua," akasema.

"Amina," akasema mama mmoja. Ndiye mama yake Phelis. Na wengine wakafuata, amina, amina, kama vile swali limejibiwa.

"Hiyo amina ndiyo ilinifuta kazi," Loice anasema. "Si chairman. Chairman alikuja tu kuzika."

Chairman alizika vizuri. Akasema wao hawachukii mtu, wameishi na watu wa kila kabila, lakini watoto ni wao. Makori akasema Madam Loice apumzike kwanza nyumbani mpaka mambo itulie. Mambo haijatulia mpaka leo. Juu ya chuo hakuna mtu alitaja, na hakukuwa na haja. Nani atasimama mbele ya ofisi ya elimu amsifu mwalimu wa shetani?

Loice akachukua koti lake akatoka. Barabara ilikuwa matope mekundu. Kabla hajafika kwa kituo cha kupima majani, akasikia mtu anakuja mbio nyuma. Weldon, na mwavuli. Alitaka kumfunika.

"Toa hiyo kitu," Loice akamwambia.

"Loice, nielewe. Hukuona vile walikuwa? Ningesema ni sisi wawili, wangetufukuza wawili. Hapo tungesaidia nani? Angalau mmoja wetu amebaki."

"Na ni nani alichagua huyo mmoja?"

"Usinichukulie hivyo. Baba yangu yuko na kanisa. Mimi niko na nyumbani hapa, sina pahali pengine. Wewe unaweza kwenda."

"Niende wapi?"

"Kwenu."

"Weldon. Mimi nilizaliwa pale." Akaonyesha na kidole, moshi wa kiwanda ulikuwa unaonekana juu ya miti. "Pale. Unaniambia niende kwetu wapi?"

Alisimama tu, mwavuli umefunika matope. Halafu akasema kile kitu ambacho Loice anasema angekichukua vibaya kuliko hata yale ya mkutano, kama hakuwa amekufa ganzi.

"Basi tu nakuomba. Usiende kuambia watu ile gazeti ilitoka kwa wamisheni. Baba atapata shida."

"Kwa hivyo unajua ilitoka wapi."

"Loice."

"Hapana, sawa. Nilikuwa nafikiri umesahau."

Kesho yake alienda kwa mchungaji, baba yake Weldon. Watu wengi hawajui hii. Alienda kwa miguu, akakaa kwa kiti cha wageni, akaeleza yote, gazeti, msumari, kamba. Mchungaji ni mtu mpole. Alimpa chai na mahindi ya kuchemsha. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mtoto wangu amekuwa akikuombea, mwanangu. Kama ni yeye alichora, angeniambia." Na akamwomba wapige magoti pamoja. Loice alipiga magoti. Utafanya nini kwa nyumba ya mtu?

Ukuta ulipakwa chokaa Ijumaa hiyo. Watoto walipewa brashi. Weldon alisimamia.

Obiero hakupoteza kazi ya boila, lakini msimamizi alimwita akamwambia amtulize msichana. Loice aliomba kazi ya ualimu shule mbili, moja huko Chepseon mbali kabisa ambako hakujua mtu. Walimuuliza jina, wakamuuliza shule aliyotoka, wakamwambia watamwita. Hawakumwita. Basi akafanya ile kazi ambayo haina haja ya kamati. Akafunga aproni, akachukua kikapu, akaenda kuchuna majani kwa mashamba ya watu binafsi. Mama mmoja alimchukua mara moja, kwa sababu alisikia ana mkono mwepesi. Mama Phelis.

Ndiyo. Huyo wa amina. Shetani wa darasani hakuwa na shida akiwa kwa majani. Nilimuuliza Mama Phelis mwenyewe, siku hizi ni mzee, kwa nini alimwajiri. Akaniambia, "Alikuwa anachuna vizuri, majani mawili na ncha, hachanganyi na magumu." Nikamwambia, si mlisema ni wa shetani? Akasema, "Hiyo ilikuwa ya shule."

Sasa sikiliza mwisho wake, halafu uniambie kama nimeuremba.

Ilikuwa mwaka uliofuata, muhula wa pili. Phelis alikuwa kidato cha nne. Alasiri moja alitoka shule, akabadilisha viatu, akashuka kwa shamba kuwasaidia kumaliza mstari wa mwisho wa michai kabla lori la majani lifike. Akachuna kando ya Loice. Bado alikuwa anamwita Madam. Hakuna aliyemwambia aache.

"Madam, leo tumefundishwa ile kitu."

"Kitu gani?"

"Shimo jeusi. Mwalimu Weldon, siku hizi ndiye wa fizikia pia, amesema iko kwa mambo ya uvutano, tujue tu. Ametoboa karai. Akaweka vumbi ya chai juu ya maji."

Loice akaendelea kuchuna.

"Amesema alifikiria hiyo mfano yeye mwenyewe," Phelis akasema. "Siku moja akiwa anaoga."

"Amechora?"

"Hapana. Amesema tusichore. Tuone tu na akili." Phelis akatupa majani kwa kikapu. "Lakini mimi sijaelewa, Madam. Kwa nini ingine inapita kando na haiingii, na ingine inapita kando na inaingia? Na hiyo inasaidia aje kujua nani ako sawa? Nimeuliza, akasema ni mambo ya chuo kikuu. Si unielezee kidogo, kabla mama afike."

Loice akasimama wima. Anasema aliangalia huyo msichana vizuri, akaona kweli anataka kujua. Ile sura ya mtoto ameshikwa na swali, mwalimu yeyote anaijua, na alikuwa ameikosa sana.

"Wewe ndiye ulipiga kelele kwa paredi," akamwambia.

"Niliogopa, Madam."

"Najua."

"Siku hizi siogopi."

"Nenda umuulize mwalimu wako."

"Si nimekwambia nilimuuliza."

"Muulize tena."

Hapa ndipo niliuliza swali la kijinga. Nilimuuliza Loice, pale Sosiot, katikati ya magunia, kama baadaye alimfundisha. Kama labda siku ingine, wakiwa wawili tu, alichora kwa udongo na kijiti. Kila mtu ambaye nimemhadithia hii stori anataka nimwambie kwamba alimfundisha.

"Sikumfundisha," alisema. "Mtoto hakuwa na makosa, najua, usiniambie. Lakini wao walikaa wakaamua mimi si mwalimu, na yeye ndiye walimtumia kuamua. Nilibeba kikapu nikaenda kupima majani."